Maana ya helikopta ya operesheni maalumu "iliyoboreshwa"

Ukitazama picha za MH-47G Block II, toleo jipya la helikopta ya operesheni maalumu ambayo Boeing ilianza kuikabidhi kwa jeshi la Marekani mwaka 2020, unaweza kudhani umeonyeshwa Chinook, ile helikopta kubwa ya mizigo, ya zamani iliyopakwa rangi upya. Umbo ni lile lile la mwaka 1961: mapanga mbele, mapanga nyuma, tumbo refu katikati. Mabadiliko yako ndani.

Tuanze na herufi. Chinook ya kawaida huitwa CH-47, na CH ni helikopta ya mizigo. MH ni ya kazi mchanganyiko, na hapa kazi yenyewe ni kuwapeleka makomandoo mbali, usiku, kisha kuwarudisha wakiwa hai.

Hitaji hilo lilijulikana kwa uchungu. Aprili 1980 Marekani ilituma helikopta 8 kwenda kuokoa mateka wake Iran. Vumbi la jangwani na hitilafu za mitambo zikaacha 5 tu zinazofaa, na safari ikavunjwa. Wakati wa kuondoka, helikopta moja iligonga ndege kubwa ya usafirishaji, C-130, iliyokuwa chini; watu 8 wakafa. Baada ya hapo kikaundwa kikosi cha marubani wa kazi hii pekee, ambacho leo ni Rejimenti ya 160, yenye makao Fort Campbell, Kentucky.

Kwa hiyo usitafute bunduki kwanza, tafuta mafuta. Ubavuni mwa pua ya MH-47G kuna mrija mrefu uliochomoza mbele. Ndege ya mafuta huburuta bomba lenye kikapu mwishoni, na rubani husogea taratibu gizani mpaka mrija uingie kikapuni, mapanga yakizunguka juu yake muda wote. Kwangu mimi, huo mrija ndio unaostahili jina "maalumu". Kuna pia rada inayosoma vilima vilivyo mbele, ili helikopta ipite chini sana hata kwenye ukungu.

Vifaa hivyo vina uzito, na kila kilo hula nguvu ya kupaa. Ndiyo maana Block II imeleta fremu iliyoimarishwa na matangi mepesi zaidi.

Lakini "iliyoboreshwa" haina maana ya "haidunguliki". Tarehe 3 Oktoba 1993, Mogadishu, helikopta mbili aina ya Black Hawk za kikosi hicho hicho cha 160 ziliangushwa kwa roketi za kurushwa kutoka begani.