Gome hudanganya, pasua ukuni

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga. Kabla sijagusa mchele wa mtu, nakwenda kwanza uani kutazama kuni alizonunua, na mara nyingi maneno huanzia hapo. Mwenye shughuli huona kuni ni kuni. Mimi nataka moto wa namna mbili: ndimi kali za kuchemshia maji ya pilau, kisha makaa mazito ya kupalia juu ya kifuniko wali ukishakauka maji. Ukuni unaoishia kuwa majivu utaniacha njiani na sufuria la kilo 20.

Wengi hutazama gome tu. Gome linasaidia, sikatai. La mvinje ni la kahawia iliyochanganyika na kijivu, limeparara na kuchanika kwa urefu, na hung'ang'ania mti. Mkaratusi hujivua gome kwa vipande virefu kama karatasi, chini yake ni laini na peupe. La mwembe ni jeusijeusi lenye nyufa. Lakini kuni zikikaa juani mwezi mzima gome hudondoka, na muuzaji mjanja hulimenya mwenyewe. Ndiyo maana natembea na shoka dogo.

Pasua ukuni mmoja utazame ndani. Mvinje una kiini cha kahawia chenye wekundu, na ni mzito mkononi kupita unavyoudhania kwa unene wake. Mkaratusi nao unaweza kuwa mwekundu hivyohivyo, hapo ndipo watu hukosea. Shoka litakwambia: mvinje hupasuka vizuri, mkaratusi mkavu mara nyingi nyuzi zake zimesokotana na hukataa. Mkwaju ni wa manjano hafifu, na ukiwa mti mzee katikati utaona kiini kidogo cheusi cha zambarau. Huo ukiupata usiuchomee maji ya chai, uweke kwa ajili ya makaa. Mkorosho ni mwepesi, huwaka haraka na kwisha haraka. Nautumia kuwashia tu.

Mkoko unawaka vizuri mno, mwekundu ndani, na ukiwa mbichi maji ya gome lake hutia mikono madoa. Ila misitu ya mikoko ni hifadhi na kuikata kunataka kibali, kwa hiyo ukiletewa usiku na mtu asiyetaka kukaa, unajua.

Kwa harufu, kwangua kwa kisu mahali papya, si penye vumbi. Mkaratusi utakupanda puani kama dawa ya kuchua kifua. Mwarobaini nautambua kwa uchungu unaokaa kooni hata bila kuonja, na ndani una wekundu ambao umewadanganya wengi wakadhani ni mbao ya maana.

Mwaka mmoja nilichelewa kufika kwenye harusi, nikakuta vijana wameshawasha. Kuni zilikuwa za mwembe, mbichi, zinatoka povu kwenye ncha. Ukuni uliokatwa jana unaweza kuwa nusu nzima ya uzito wake ni maji, na hayo maji lazima yatoke kwanza ndipo uwake. Moshi ulitanda mpaka kwa akina mama waliokuwa wakimenya vitunguu saumu, na pilau likanuka moshi hadi sahani ya mwisho. Bibi harusi hakusema kitu. Shangazi yake alisema.

Tangu siku hiyo nagonganisha kuni mbili kabla ya kulipa. Kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa mlio uliokufa. Ncha za kavu pia huwa na nyufa zinazotoka katikati.

Kitu kimoja sikubali hata kwa bure: vipande vya nguzo za umeme na mbao zilizopakwa rangi. Nguzo yenye ukijanikijani imetiwa dawa yenye shaba na aseniki, ile inayonuka lami imelowekwa mafuta ya kuhifadhia. Sumu hiyo haiishi kwa kuchomwa, inakwenda kwenye moshi na majivu.

Juzi kijana wa guta alinishushia mzigo.

"Mzee, hii ni mvinje tupu."

"Nitolee ule wa chini kabisa."

Akajikuna kichwa. "Wa chini ni mkorosho kidogo, mzee."

Tukaanza bei upya.