Bendera ya njano si kadi ya njano

Jumapili za mbio za langalanga huwa natazama pamoja na majirani zangu hapa Njiro, na karibu kila mara bendera ya njano inapopeperushwa kuna mtu ananiuliza: "Kaka, huyo dereva amefanya kosa gani?" Naelewa swali linatoka wapi. Tumelelewa na mpira wa miguu, ambako njano ni onyo na nyekundu ni kutolewa uwanjani. Hata hivyo, kwa sisi tunaosimamia njia katika mashindano ya magari, tafsiri hiyo inapotosha, kwa sababu bendera nyingi hazimhukumu dereva yeyote. Zinamweleza kilichopo mbele ambacho bado hajakiona.

Bendera ya njano ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ikipeperushwa moja, dereva anatakiwa apunguze mwendo, asimpite mwenzake, na awe tayari kubadili uelekeo, kwa kuwa kuna hatari njiani au kando yake. Zikipeperushwa mbili kwa pamoja, maana yake ni kwamba njia imezibwa, yote au sehemu yake, au kuna watu wanaofanya kazi hapo. Dereva apunguze sana na awe tayari hata kusimama. Katazo la kupita linadumu mpaka aione bendera ya kijani. Anayelindwa hapa ni mtu aliye kwa miguu, aliyeinama kuokota vipande vya gari huku mgongo wake ukiwa upande magari yanakotokea. Nimewahi kuwa mtu huyo, na ninajua jinsi masikio yanavyofanya kazi ya macho wakati huo.

Ugumu uko kwenye neno "apunguze", kwa sababu kila dereva hupima mwenyewe, na anayepunguza kuliko wenzake hupoteza muda. Tarehe 5 Oktoba 2014, mvua ikinyesha Suzuka nchini Japani, gari la Adrian Sutil liliteleza na kutoka njiani, na mashine ya kunyanyulia magari ikaingia kuliondoa huku bendera mbili za njano zikipeperushwa. Katika mzunguko uliofuata Jules Bianchi aliteleza mahali hapohapo, akaigonga ile mashine, na akafariki Julai 2015. Uchunguzi wa FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ulieleza kuwa hakupunguza mwendo vya kutosha. Simlaumu marehemu, kwani alikuwa akipima kama wanavyopima wote. Ndiyo maana naona utaratibu ulioanza msimu wa 2015, unaowashusha madereva wote kwa kiwango kimoja kilichopangwa kote njiani, ulikuwa uamuzi wa haki.

Bendera nyekundu nayo haimfukuzi mtu. Inasimamisha mbio nzima, na kila dereva hurudi polepole bila kumpita mwenzake. Kadi ya njano halisi ya mchezo huu ni bendera iliyogawanywa kwa mshazari, nusu nyeusi na nusu nyeupe, inayoonyeshwa pamoja na namba ya gari kumwonya dereva aliyekosa uungwana. Charles Leclerc alionyeshwa bendera hiyo Monza mwaka 2019 kwa kumbana Lewis Hamilton, na bado akashinda. Nyeusi tupu yenye namba ndiyo nzito kuliko hiyo, kwa kuwa inamwita dereva aondoke njiani. Ile nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa katikati inamwambia kwamba gari lake lina hitilafu ya hatari, arudi kwa mafundi. Kevin Magnussen aliipata mara 3 katika msimu wa 2022.

Ya bluu humjulisha dereva kwamba nyuma yake kuna gari linalokaribia kumzidi mzunguko mzima, alipishe. Nyeupe huonya kuwa mbele kuna gari linalokwenda polepole, ingawa katika mbio nyingi za Marekani hutangaza mzunguko wa mwisho.

Huku kwetu Arusha mbio ni za rali kwenye barabara za vumbi, kwa hiyo bendera ni chache na alama nyingine huchukua nafasi yake. Gari likikwama, dereva na msomaji ramani wake hutakiwa kuweka pembetatu nyekundu inayoakisi mwanga, angalau mita 50 kabla ya gari, hata kama gari liko nje ya njia, kisha wawaonyeshe wanaofuata kibao cha "OK" au cha "SOS".

Siku moja upande wa Monduli nilikuta vijana wa kijiji, kwa nia njema kabisa, wameihamisha pembetatu na kuiegemeza kwenye gurudumu la gari lililokwama. Gari la kilomita 100 kwa saa humaliza mita 50 kwa muda usiofika sekunde 2. Niliichukua nikakimbia nayo kurudi nyuma ya kona, mmoja wao akinifuata na kuuliza kwa nini naiweka mahali ambapo gari halionekani. Nikamjibu, "Mdogo wangu, anayehitaji kuiona ni yule ambaye gari bado hajaliona." Kabla hatujarudi, vumbi la gari lililofuata lilipanda juu ya migunga, na tukalisikia likishusha gia kabla ya kona.