Maji yaliyolala bombani

Mwezi uliopita nililala kwa shangazi yangu, Raskazone. Chumba cha wageni kilikuwa hakijatumika tangu Idi. Nilipofungua bomba la mvua bafuni, maji yalitoka na kutu, ya vuguvugu, na nyumba haina hita. Mimi ni bwana afya, kipimajoto hakikosi mfukoni. Nikakitia kwenye ndoo: nyuzi 34.

“Mwanangu, maji hayo hayana neno,” akasema shangazi. “Ya kunywa tunachemsha.”

Wengi wetu tumefundishwa hivyo: maji tuyaogope yakipita mdomoni, kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo. Lejionela hupita kwenye pumzi. Ni bakteria wa majini. Maji yakirushwa yakawa ukungu, nawe ukauvuta, wanashuka hadi mapafuni na kuleta nimonia kali. Walitambuliwa baada ya watu wengi kuugua kutokana na mkutano wa wanajeshi wastaafu wa American Legion katika hoteli moja huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1976; jina limetoka hapo.

Hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 45, na kwa jua letu la Tanga, simtanki la juani hufika humo bila kuni wala umeme. Utelezi na tope la chini ya tangi ndiyo maficho yao, kwa hiyo lisafishwe, na mfuniko ufunge vizuri. Mwenye hita asiiweke vuguvugu: maji ya ndani yafike nyuzi 60, ila achanganye na ya baridi asije akaungua. Kiyoyozi cha ukutani msikisingizie, hakirushi maji.

Kinachonitia hofu zaidi ni mpira wa bustani. Umeachwa juani na maji ndani, jioni mtoto anauziba kwa kidole gumba ili maji yatawanyike. Maji ya kwanza yamwageni chini, mdomo wa mpira ukigusa ardhi. Mkimaliza, ukamueni na kuuning'iniza kivulini.

Udongo wa kupandia na mboji navyo vina aina yake ya Lejionela. Australia na New Zealand wanaijua sana. Lowesha kidogo vumbi lisitimke, vaa barakoa, kisha nawa mikono.

Hatari ni kubwa kwa waliopita miaka 50, wavutaji sigara, na wenye kisukari au mapafu dhaifu. Dalili huja kwa kawaida siku 2 hadi 10 baadaye: homa, kikohozi, pumzi kubana, pengine kuhara na kuchanganyikiwa. Tafadhali msikimbilie amoksilini ya duka la dawa. Bakteria hawa hujificha ndani ya seli zetu, na dawa hiyo haiwawezi. Ziko nyingine zinazowaweza, kama azithromaisini. Nenda hospitali, na umweleze daktari habari za maji.

Shangazi ana kisukari. Tulikifungua kichwa cha bomba lile, kimejaa magamba ya chokaa, tukakiloweka kwenye siki usiku kucha. Siku hizi kila Ijumaa hukizamisha ndani ya ndoo, akafungua dirisha, akayaacha maji yatiririke mpaka yaliyolala yaishe.