Kwa nini zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na je, ulimi unaweza kuitambua tofauti?

Mkulima wa zabibu wa Ufaransa huvuna mara moja kwa mwaka, basi. Mvua ya mawe ikimharibia zao mwezi Agosti, hana la kufanya mpaka mwaka mwingine. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi, Dodoma, huvuna mnamo Machi, na kabla mwaka haujaisha huyo tena shambani na ndoo zake, mwezi Agosti au Septemba, anachuma kwenye mizabibu ile ile. Na aina zenyewe si za ajabu. Chenin Blanc inayolimwa Dodoma ndiyo hiyo hiyo inayolimwa kwenye bonde la mto Loire, Ufaransa, ambako huzaa mara moja tu. Sasa nini kimebadilika?

Kilichobadilika ni kwamba hakuna baridi ya kuulaza mzabibu.

Ulaya, joto linaposhuka na siku kuwa fupi, mzabibu hupukutisha majani yote na kubaki kijiti kikavu ambacho asiyekijua angekikata kuni. Haujafa. Chakula chake umekificha kwenye shina na mizizi katika hali ya wanga, na macho yake, yaani sehemu zinakochipukia matawi mapya, yamefungwa. Hali hiyo huendelea miezi kadhaa, hadi wastani wa joto la siku uzoee kupita nyuzi 10 hivi, ndipo macho hufumuka, mengi yao kwa pamoja. Mwaka wote wa mkulima wa huko hupangwa na usingizi huo.

Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Hata Julai, mwezi ambao wenyeji huvaa makoti asubuhi, usiku wa kawaida huishia nyuzi 13 au 14 za Selsiasi. Urefu wa mchana nao haubadiliki sana, ni saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Mzabibu haupati ishara yoyote ya kulala, kwa hiyo haulali. Ukiuacha ujiendee, utarefusha matawi, utatoa majani mapya juu ya makuukuu, na vichane vitajitokeza ovyo: hapa vimeiva, pale ndiyo kwanza maua. Kwa mtu anayetaka kujaza tangi la mvinyo kwa siku moja, hilo ni balaa.

Hapo ndipo mkasi unapoingia. Mkulima hupogoa: hukata matawi yote yaliyozaa, akabakiza vipande vifupi vyenye macho machache. Kwa mtazamaji, mti umeharibiwa. Lakini jicho la mzabibu si tupu. Ukilipasua na kulitazama kwa hadubini, ndani unakuta vichane vya maua vilivyokwisha kuumbika, vidogo kupita kiasi, tangu msimu uliotangulia, wakati tawi lile lilipokuwa likipigwa na jua. Vinachongoja ni ruhusa tu. Ncha ya tawi linalokua hutoa homoni inayoyazuia macho ya nyuma yake yasichipue. Ncha ikikatwa, kizuizi kinaondoka na macho yaliyobaki yanaamka. Tangu siku ya kupogoa hadi siku ya kuvuna hupita miezi minne hivi, ikipungua au kuzidi kidogo kwa kutegemea aina na hali ya hewa.

Kwa hiyo baridi ya Ulaya, Dodoma imegeuzwa kuwa kazi ya mikono. Si Dodoma peke yake inayofanya hivi. Bonde la mto São Francisco, kaskazini mashariki mwa Brazili, liko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta na huvuna mara mbili kwa mtindo huo huo. Katika nchi nyingi za joto wakulima hupaka macho dawa ya kuyaamsha yafumuke sawia, kwa sababu bila baridi macho huwa na tabia ya kuchipua kwa zamu, ya juu yakitangulia na ya chini yakigoma.

Mtu mwepesi wa hesabu atauliza: miezi minne mara tatu ni kumi na mbili, mbona wasivune mara tatu? Kwa sababu mti nao una akiba. Majani ya kwanza baada ya kupogoa hayajilishi. Hukua kwa kula wanga uliowekwa shinani. Baada ya mavuno mzabibu unahitaji wiki kadhaa za kukaa na majani yake bila mzigo wa matunda, ujaze ghala upya. Ukiukata haraka haraka utachipua, ndiyo, lakini vichane vitakuwa haba na mti utachoka mapema. Tena kuna kalenda ya mvua, nayo haibembelezwi.

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazifiki hata milimita 700. Anayepogoa Novemba au Desemba anazilea zabibu zake mvuani. Anayepogoa baada ya mvua kukatika anazilea kiangazi, kwa maji ya kumwagilia. Shamba moja, mti mmoja, lakini zabibu mbili tofauti kabisa.

Za mvua zina shida nyingi. Unyevu huleta ukungu na ubwiri kwenye majani na vichane, kwa hiyo bomba la dawa halikauki. Punje hunywa maji zikavimba, na mawingu huyanyima majani jua la kutengenezea sukari. Mkulima anayeogopa mvua ijayo hushawishika kuvuna kabla ya wakati. Za kiangazi hupata jua la kutwa, hewa kavu, na maji kwa kiasi anachotaka mwenye shamba. Usiku wa Juni na Julai unazifaa zaidi, kwa sababu ya jambo dogo la kikemia: zabibu ina asidi iitwayo maliki, ile ile inayolipa tofaa bichi uchachu wake, na kwenye joto punje huichoma asidi hiyo kwa kupumua. Usiku ukiwa wa baridi, asidi nyingi hubaki. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na ndiyo maana zabibu zake zinaweza kukusanya sukari mchana bila kupoteza uchachu wote usiku. Zingepandwa pwani zingepata jua, lakini si usiku huo.

Sukari nayo si ya utamu tu. Hamira huigeuza kuwa kilevi, na kwa kawaida gramu 17 hivi za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya kilevi. Zabibu yenye gramu 220 kwa lita itatoa mvinyo wa asilimia 13 hivi ikiachwa ichache mpaka mwisho. Shambani hupimwa kwa kifaa cha kushika mkononi: unakamulia tone moja juu ya kioo, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Ndani kuna mstari unaotenganisha bluu na weupe, na pale unapokatiza vipimo ndiyo sukari yako.

Sasa tuje kwenye glasi. Inasemekana zabibu Dodoma zililetwa na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, ambao walizipanda karibu na misheni yao ya Bihawana; utafiti wa zao hili leo uko kwenye kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Makutupora, kaskazini mwa mji. Jina la kituo ndilo jina la zabibu nyekundu inayolimwa zaidi na wakulima wadogo, Makutupora. Hiyo huikuti Bordeaux, Ufaransa, wala Stellenbosch, Afrika Kusini. Mpenzi wa mvinyo wa London angeihesabu kuwa adimu, ilhali sisi tunaipita dukani tukikimbilia chupa ya Afrika Kusini kwa sababu jina lake tumeshalizoea.

Kuna nyingine pia. CETAWICO, kiwanda cha Hombolo chenye asili ya Kiitaliano, kimetengeneza mvinyo wa Syrah, na hata Aglianico na Teroldego, aina ambazo nje ya Italia ni wachache wanaozijua. Aglianico kwao, kusini mwa Italia, ni miongoni mwa zabibu zinazochelewa kuiva kuliko zote, huvunwa Oktoba mpaka Novemba. Huku inafuata mkasi kama wenzake.

Kama unataka kuonja ili uelewe, usionje chupa moja. Ulimi hauna kumbukumbu nzuri, una macho ya kulinganisha tu. Weka Makutupora kavu, yaani isiyo tamu, na Syrah kavu ya Dodoma kando kwa kando, au Chenin Blanc ya hapa na ya Afrika Kusini. Nasisitiza kavu. Mvinyo mtamu wa bei nafuu una wapenzi wake na siwanyimi haki, ila sukari hufunika aina ya zabibu. Ukiwa na tamu mbili mezani unaonja sukari mbili.

Halafu poza kidogo, hata nyekundu. Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwenye joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya zenye nyuzi 16 au 18. Chumba cha Dar es Salaam kina nyuzi 30, na kwa joto hilo kinachokupanda puani ni kilevi peke yake. Saa moja hivi kwenye friji inatosha. Mimina theluthi ya glasi, izungushe, nusa kwanza. Kisha piga funda dogo na ulizungushe kinywani, hata kwenye fizi. Uchachu utautambua mate yakianza kutoka. Ukakasi ni kitu kingine: fizi na mashavu kukauka, kama baada ya chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Huo ni kazi ya tanini zinazotoka kwenye maganda na mbegu, ndiyo maana mweupe, ambao maganda yake huondolewa kabla ya kuchachwa, huwa nao kidogo sana. Tema ukitaka, waonjaji wa kazi hutema wote, la sivyo glasi ya sita hawaioni.

Ukakasi ukikuzidi, usiilaumu chupa kabla hujaijaribu na mbuzi choma. Tanini hunata kwenye protini za nyama badala ya kunata kwenye mate yako, na mvinyo ule ule unalainika mdomoni. Pilipili ya kuwasha iweke mbali, maana huchochea ukali wa kilevi.

Na tofauti ya misimu, ulimi unaipata? Ikiwa mvinyo umetengenezwa kwa zabibu za msimu mmoja, ndiyo: wa mvua huelekea kuwa mwepesi, wa kiangazi una mwili, yaani uzito kinywani, na rangi iliyokolea. Tatizo ni lebo. Huandikwa mwaka, na mwaka wa Dodoma una mavuno mawili. Tena zabibu nyingi husindikwa kwanza kuwa kile wenye viwanda wanachokiita mchuzi, yaani kimiminika cha zabibu kabla ya kutiwa chupani, kikauzwa kwa wajazaji chupa, na mchuzi wa Machi ukikutana na wa Septemba kwenye tangi moja hakuna ulimi utakaovitenganisha. Wa kukujibu ni mtengenezaji. Ukipita Dodoma, viwanda vidogo viko vingi kiasi cha kupata nafasi ya kuuliza, na swali ni fupi: hii ni ya mvua au ya kiangazi?