Mshipi wa ndoana nyingi: namna ya kuukunja usitatane mpaka safari ijayo

Mshipi wa ndoana moja, hata ukiuangusha ovyo tezini, utautatua gizani kwa vidole tu. Ongeza ndoana ya pili, ya tatu, mpaka zile sita za vibua, na kazi inakuwa nyingine kabisa. Nafunga mishipi hapa Tanga, yangu na ya wavuvi wanaoniagiza, na malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kuliko yote ni haya: "Fundi, mshipi wako ulivua vizuri siku ya kwanza, siku ya pili nimeukuta umekuwa kiota cha ndege." Basi mtu anachukua kisu, anakata, anakwenda dukani. Uzi ulikuwa mzima, ndoana zilikuwa kali, chubwi, ile risasi ya kuuzamisha, halijapungua hata chembe. Inaniuma kuona pesa ya mvuvi inakwenda hivyo, kwa sababu dawa yake ipo na ni rahisi.

Kwanza tuelewe mshipi unatatana vipi. Wengi wanalaumu urefu wake au wingi wa ndoana. Mimi nasema tazama ncha zilizo huru. Fundo halijifungi katikati ya uzi, linahitaji ncha inayotembea, ipite chini ya mkunjo mmoja na juu ya mwingine. Mwaka 2007 wanafizikia wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Dorian Raymer na Douglas Smith, walichapisha utafiti wa jambo hilihili. Waliweka kipande cha uzi ndani ya sanduku, wakalizungusha sanduku kwa mashine, wakafungua kuangalia. Walirudia zaidi ya mara 3,000. Mafundo yalitokea ndani ya sekunde chache tu za kuzungushwa. Uzi mfupi kuliko sentimita 46 haukujifunga. Kutoka hapo hadi kama mita moja na nusu, uwezekano wa fundo ulipanda haraka, na baada ya hapo ukasimama karibu na nusu: mara moja katika kila mbili. Waliona pia kwamba uzi mgumu, au uliobanwa usipate nafasi ya kuzunguka, hujifunga mara chache zaidi.

Uzi wao ulikuwa na ncha mbili. Mshipi wa ndoana nne una ncha sita, na nne kati ya hizo zina kulabu inayoshika chochote inachokigusa. Halafu tunauweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya benchi la mashua yenye injini, inayotetemeka saa nzima. Hatujafanya tofauti na wale watafiti, ila sanduku letu lina maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya chombo.

Kwa hiyo kila nitakachoeleza hapa chini kina kusudi moja: kila ndoana ipate mahali pake pa kulala, ishikwe hapo, na uzi uliobaki usiwe na ulegevu wa kuchezea.

Kazi inaanza wakati wa kufunga, kabla hata ya kufikiria kuhifadhi. Ule uzi mfupi unaotoka kwenye uzi mama na kubeba ndoana, nitauita tawi. Tawi lazima liwe fupi kuliko nusu ya nafasi iliyopo kati yake na tawi la jirani. Ukiacha sentimita 50 kati ya matawi, kila tawi lisizidi sentimita 20 au 22. Hapo ndoana mbili haziwezi kukutana, hata mkondo ukizisukuma uso kwa uso. Nimeona mishipi ya changu yenye matawi ya sentimita 40 kwenye nafasi ya 50, na mwenye mshipi anashangaa kwa nini ndoana zinashikana kila akivuta. Hizo zitashikana baharini na zitashikana nyumbani. Sipendi pia tawi jembamba mno. Ni kweli tawi linatakiwa liwe dhaifu kidogo kuliko uzi mama, ili likinasa mwambani likatike peke yake, lakini tofauti isiwe kubwa. Kwa uzi mama wa milimita 0.8, tawi la 0.6 linatosha. Tawi la 0.3 ni laini, linajizungusha kwenye uzi mama kila linapopata nafasi.

Sasa chombo cha kukunjia. Nimetumia vipande vya mbao, chupa za maji, mabomba ya plastiki, na bado naona hakuna kinachoishinda ndara kuukuu. Malapa, kandambili, champali, kila mji na jina lake, na pwani yetu haina uhaba nazo. Lile jahazi la Flipflopi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini mwaka 2018, lilifunikwa ndara karibu 30,000, na bado ufuko unaletewa nyingine kila bamvua. Ndara nzuri kwa kazi hii ni ile ya sponji ngumu. Vishimo vyake vya hewa vimejifunga kila kimoja peke yake, kwa hiyo hainywi maji. Ndoana inachoma, inashikwa, na ukiitoa tundu linajifumba.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kutumia sponji ya godoro. Inashika ndoana vizuri, lakini inanyonya maji ya chumvi na kuyatunza, na baada ya wiki mbili kila ndoana ina pete ya kutu palepale ilipochomwa. Boksi la karatasi nalo linanyonya unyevu wa hewa. Lile povu jeupe la kufungia televisheni linamomonyoka, tundu linapanuka, ndoana inachomoka, na punje zake zinaishia baharini ambako samaki wanazimeza. Sitaki kuliona ndani ya chombo chochote cha kuvulia.

Kata ndara kipande cha mstatili, kama sentimita 20 kwa 8; hicho nitakiita kibao. Kwenye kila ncha fupi kata mapengo mawili au matatu ya umbo la V, uzi ulale humo usiteleze pembeni. Kwenye ukingo mmoja mrefu kata mpasuo mdogo wa kubania mwisho wa uzi. Usifanye kipande chembamba sana. Nailoni ina tabia ya kukumbuka umbo ililolazwa, na ukiikunja kwenye kitu chembamba kwa muda mrefu itatoka na mikunjo ya karibukaribu inayotafuta kushikana.

Anza kukunja kwa ncha ya juu, yaani kile kitanzi kinachounganishwa na mshipi mkuu, umalizie kwa ncha ya chubwi. Watu wengi wanafanya kinyume kwa sababu chubwi ni zito na ni rahisi kuanzia. Lakini fikiria wakati wa kushusha: chubwi ndilo linaloingia majini kwanza, na ndoana zinalifuata moja baada ya nyingine. Kilichokunjwa mwisho ndicho kitakachotoka mwanzo. Ukianza na chubwi utalazimika kuukunjua mshipi wote sakafuni kabla ya kulipata, na hapo faida yote imepotea.

Jambo la pili, na hili ningependa lisomwe mara mbili: zungusha kibao, usizungushe mkono. Ukikishika kibao kimetulia na kupitisha uzi kukizunguka, kila mzunguko unauongezea uzi msokoto mmoja. Ukitoa uzi kwa njia ileile ya kuuzungusha kinyume, msokoto unaondoka. Lakini hakuna anayefanya hivyo chomboni. Anauvuta tu huku kibao kikizunguka mkononi, na msokoto unabaki ndani ya uzi. Ukishuka majini, uzi mama unajizungusha ili kuutoa msokoto huo, na matawi yanajiviringisha juu yake. Mvuvi anavuta juu ndoana nne zilizobana kwenye uzi kama hazina matawi, anasema mkondo ulikuwa mbaya. Ukizungusha kibao wakati wa kukunja, na kukizungusha tena wakati wa kukunjua, msokoto hauingii kabisa.

Ukilifikia tawi, simama. Lilaze kwa mwelekeo uleule wa uzi mama, livute kiasi cha kunyooka tu, kisha chomeka ndoana kwenye ubapa wa ndara, ncha yake ikitazama ndani. Endelea mpaka tawi linalofuata, uchomeke ndoana yake pembeni ya ile ya kwanza kwa mpangilio mmoja, kulia kwenda kushoto au kushoto kwenda kulia, ila usibadilishe. Ukiufuata mpangilio mmoja kwenye mishipi yako yote, utaweza kuitoa usiku bila taa na mkono ukajua ndoana ipi inafuata. Ndoana za duara, zile ambazo ncha yake imepinda kuelekea kwenye shina, hazichomi kwa urahisi. Kwa hizo kata mpasuo mfupi, upitishe mkunjo wa ndoana humo ubanwe. Zina sifa nyingine nzuri: ncha imejificha, hivyo hata ikichomoka hainasi kirahisi kwenye uzi wa jirani.

Chubwi usiliache kwenye mshipi uliohifadhiwa. Risasi nzito inagonga kila chombo kikiyumba na kulegeza mikunjo. Funga ncha ya chini kwa kitanzi, uvishe chubwi ukifika mahali pa kuvulia. Ncha hiyo ibane kwenye mpasuo, halafu pitisha pete ya mpira wa tyubu ya baiskeli juu ya kila kitu. Andika kwa kalamu ya wino mzito: namba ya ndoana, idadi, na samaki. "Vibua 6", "Changu 3", "Kolekole 2". Vibao hivyo vinapangika wima ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko, kumi vikakaa mahali ambapo zamani palijaa na mishipi mitatu.

Kwa wanaotega dhulumati, ndara haitoshi. Kamba yenye ndoana mamia inahitaji beseni au kikapu kipana. Kanuni haibadiliki, kinachobadilika ni mahali pa kulaza ndoana: zinapangwa kwenye ukingo. Wavuvi wa nchi za Mediterania wamekuwa wakifunga gome la koki kwenye mdomo wa kikapu kwa ajili hiyo. Kwetu bomba la maji la mpira, likipasuliwa kwa urefu na kuvishwa kwenye ukingo wa beseni, linafanya kazi hiyohiyo: ndoana zinaning'inia humo kwa foleni. Kamba mama inalazwa ndani kwa miduara mipana, ukianzia na mwisho utakaoingia majini mwisho, na kila ndoana ikifika inakwenda ukingoni baada ya mwenzake. Wakati wa kutega hakuna ndoana inayoruhusiwa kuruka foleni. Beseni likijaa, funika kwa gunia lenye unyevu ili upepo usiinue miduara ya juu. Na usithubutu kuupindua mzigo huo kwenda chombo kingine. Ukiupindua, ndoana ya kwanza imekuwa ya mwisho na mpangilio wote umekufa. Dhulumati ikivurugika haipotezi pesa tu. Ndoana inayokwenda kwa kasi ikimnasa mtegaji mkononi, kamba nzito iliyokwisha kuzama inamvuta.

Kuosha ni kazi fupi lakini hairukwi. Tumbukiza kibao kizima kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, kitikise, kikae dakika chache, kisha kianike kivulini penye upepo. Chumvi ikikauka juu ya ndoana bila kusuuzwa haijaondoka, inaendelea kuvuta unyevu wa hewa na kutu inaendelea usiku kucha. Jua kali nalo linaila nailoni polepole, ndiyo maana nasema kivulini. Usifunge ndoo kabla vitu havijakauka. Ndoana zitakazolala miezi nazipaka mafuta ya nazi kidogo kwa kitambaa. Mafuta ya mashine yanazuia kutu vizuri zaidi, lakini harufu yake inabaki na sitaki ifike kwenye chambo.

Kabla ya kuutumia tena, pitisha uzi kati ya ukucha na kidole, sentimita kwa sentimita, hasa sehemu ya juu ya kila ndoana ambako meno ya samaki yanafika. Ukihisi mkwaruzo, badilisha tawi hilo tu. Fundo lililogeuka jeupe limekwisha kubanwa kupita kiasi, likate na kulifunga upya. Ncha ya ndoana ijaribu kwenye ukucha: ikiteleza, inoe kwa tupa ndogo. Uzi uliokumbuka mikunjo uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kisha uvute kwa mikono miwili sekunde chache, utanyooka. Vipande unavyovikata virudi navyo nchi kavu. Nailoni haiozi, na kasa akinaswa pezi na uzi wa namna hiyo, unaendelea kumkata kila anapoogelea.

Kusi likipamba moto na vyombo vidogo vikapandishwa ufukoni, mishipi inalala muda mrefu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Wakati huo adui ni panya. Anafuata harufu ya chambo iliyobaki kwenye fundo na kwenye sponji, na anatafuna uzi pamoja nayo. Sugua vibao kwa sabuni ya mche, suuza mpaka harufu iishe, vikauke kabisa, kisha viweke kwenye ndoo yenye mfuniko na uining'inize kwenye boriti kwa waya mwembamba, mbali na ukuta. Mara moja kwa mwezi ifungue ndoo ipate hewa, na ndara yoyote iliyoanza kuwa na madoa ya kutu ibadilishe, mshipi uhamie kwenye nyingine.