Si kila mjamaa ni wa foleni ya sukari: tunayoyakosea kuhusu vyama vya kijamaa duniani

Litaje neno ujamaa mbele ya mama yangu, kitu cha kwanza kitakachomjia ni unga wa yanga. Ule wa njano, ugali wake hata watoto wenye njaa walikuwa wanaukunjia uso. (Mahindi yenyewe yalitoka Marekani kwa mabepari, lakini hilo halimpunguzii hasira.) Cha pili ni foleni ya duka la ushirika, watu wamepanga mawe na ndala kushika nafasi, wenyewe wameenda kuchota maji. Simbishii, maana aliyoyaona aliyaona. Ila redio ikitangaza kwamba "Wasoshalisti wa Uhispania" wameshinda au wameshindwa, wala hageuki. Kwake hao ni watu wengine kabisa. Kiswahili chenyewe kimechangia: Mwalimu Nyerere alilichukua neno "ujamaa" kutoka kwenye jamaa, watu wa ukoo, watangazaji wakaja na "usoshalisti", na ukoo mmoja wa kisiasa ukawa na majina mawili yasiyojuana. Katikati ya majina hayo ndipo dhana nyingi potofu zilipojaa.

"Mjamaa na mkomunisti ni mtu yuleyule"

Waliwahi kukaa nyumba moja, kisha wakaachana. Ufaransa talaka ilitolewa mjini Tours, Desemba 1920. Wajumbe wa chama cha kisoshalisti walipiga kura kuamua kama wajiunge na jumuiya ya kimataifa ya Lenin kule Moscow. Wengi walisema ndiyo, wakaondoka na jina jipya na hata gazeti la chama, L'Humanité. Waliobaki na Léon Blum walisema lazima awepo mtu wa kuilinda nyumba ya zamani, na mwaka 1936 Blum huyo akawa waziri mkuu.

Anayedhani ulikuwa ugomvi wa maneno tu aitazame Ureno ya 1975. Udikteta umeanguka, na wasoshalisti wa Mário Soares na wakomunisti wanavutana nani aishike nchi. Uchaguzi wa Aprili mwaka huo uliwapa wasoshalisti karibu asilimia 38 ya kura, wakomunisti wakaambulia 12 na ushee.

"Hitler naye alikuwa mjamaa, jina la chama chake linasema"

Hii husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda ubishi. Ni kweli chama cha Hitler kilijiita cha "Kisoshalisti cha Kitaifa". Basi tutazame kilivyowatendea wasoshalisti wenyewe.

Machi 23, 1933, Berlin. Jengo la bunge limeungua mwezi mmoja nyuma, kwa hiyo wabunge wanakutana kwenye ukumbi wa opera wa Kroll. Wanamgambo wa Kinazi wamejipanga ndani na nje. Mezani kuna muswada wa kumpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Wabunge wa kikomunisti hawamo kabisa, wamekwisha kukamatwa au wanajificha. Chama cha wasoshalisti wa Ujerumani, SPD, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1863, kina wabunge 120, lakini waliofika ni 94. Kiongozi wao, Otto Wels, anasimama mbele ya Hitler na kusema kwamba uhuru na uhai wanaweza kunyang'anywa, heshima hapana. Kura zinahesabiwa: 444 zinaunga mkono, 94 zinapinga. Zile 94 zote ni za SPD. Hakuna chama kingine hata kimoja kilichosema hapana siku ile, si cha Wakatoliki wala cha waliberali. Miezi mitatu baadaye SPD kilipigwa marufuku, na wengi wa watu wake waliishia kambini.

Majina ya vyama yana vituko vingine tele. Kile kinachoitwa Chama cha Demokrasia ya Kijamii cha Ureno ni cha mrengo wa kulia. Sri Lanka ilijiita "Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kijamaa" mwaka 1978, chini ya serikali ya J. R. Jayewardene, ileile iliyokuwa imetoka kufungua milango ya soko huria mwaka uliotangulia. India nayo, tangu 1989, sheria inakitaka kila chama kinachoomba usajili kiandike kwenye katiba yake kwamba kitakuwa mtiifu kwa ujamaa. Vyama vya kihafidhina na vya wafanyabiashara navyo vimo. Na jirani zetu Kenya? Waraka Namba 10 wa 1965, wa serikali ya Kenyatta, ulijipa kichwa cha ujamaa wa Kiafrika, wakati sera zilizomo zilikaribisha mtaji binafsi kwa mikono miwili. Oginga Odinga, aliyekuwa mrengo wa kushoto kweli, alijitoa chama tawala cha KANU mwaka 1966 akaunda chama chake, KPU. Mwaka 1969 chama hicho kikafutwa, yeye akawekwa kizuizini.

"Wakishaingia Ikulu hawatoki"

Wapo wasiotoka, tusidanganyane. Daniel Ortega wa Nicaragua alishindwa kwenye sanduku la kura mwaka 1990 akakabidhi nchi, akarudi 2007, na tangu hapo kuondoka kwake imekuwa hadithi. Sasa mpime na wengine. Wanademokrasia wa Kijamii wa Sweden, ambao ni wa ukoo huohuo wa wasoshalisti, walitawala tangu 1932 hadi 1976, karibu bila kukatizwa. Wapiga kura walipowachoka, waziri mkuu wao Olof Palme alifungasha akatoka ofisini.

Senegal iko karibu nasi zaidi. Chama cha Kisoshalisti kiliishika nchi tangu uhuru wa 1960. Rais wake wa kwanza, Senghor, aliachia madaraka kwa hiari mwisho wa 1980, jambo ambalo Afrika ya wakati ule ilikuwa haijalizoea. Machi 2000, mrithi wake Abdou Diouf alishindwa na mpinzani Abdoulaye Wade kwenye duru ya pili, naye akampigia simu kumpongeza. Ila nisimpake Senghor mafuta kupita kiasi: kuanzia 1966 hadi 1974 Senegal ilikuwa ya chama kimoja, na Mamadou Dia, waziri mkuu wake wa zamani, alikaa jela miaka kumi na zaidi.

Kuna pia waliotolewa kabla ya siku zao. Salvador Allende wa Chile, aliyeshinda kwa kura mwaka 1970, hakupewa nafasi ya kushindwa kwa kura. Ndege za jeshi lake mwenyewe ziliipiga Ikulu mabomu Septemba 11, 1973, akafia humo.

"Wanataifisha kila kitu hadi kuku wa bandani"

Serikali ya chama cha Labour ya Clement Attlee kule Uingereza, iliyoingia 1945, ilitaifisha makaa ya mawe, reli na Benki Kuu, jumla karibu sehemu moja ya tano ya uchumi. Nne zilizobaki hazikuguswa. Wajerumani wa SPD walikwenda mbali zaidi: katika programu ya Bad Godesberg ya 1959 waliandika kwamba wanataka ushindani kadiri inavyowezekana, na mipango kadiri inavyohitajika. Ni chama kilichokuzwa kwa vitabu vya Marx kinachosema hivyo.

Lakini mfano ninaoupenda mimi uko Marekani, nchi ambayo watu wengi huapa kwamba haijawahi kuonja ujamaa. Jiji la Milwaukee lilikuwa na meya msoshalisti mwaka 1910, kisha Daniel Hoan akakaa miaka 24, kuanzia 1916 hadi 1940, halafu akaja wa tatu, Frank Zeidler, aliyetoka 1960. Walitaifisha nini? Walichimba mifereji ya maji taka. Walijenga bustani za umma, wakasafisha maji ya kunywa, wakawabana wala rushwa. Wenzao wa New York, waliokuwa wakingoja mapinduzi, waliwakejeli kuwa ni "wasoshalisti wa maji taka". Wale wa Milwaukee walilipokea jina kwa furaha tu. Aliyewahi kukaa Dar kipindupindu kikiingia mtaani anajua ni kwa nini.

Na kabla hatujaondoka Marekani: mwaka 1920 msoshalisti Eugene Debs aligombea urais akiwa gerezani Atlanta, mfungwa namba 9653, kwa kosa la kuhutubia dhidi ya vita. Alipata kura zaidi ya 900,000 bila kutoka kwenye geti.

"Ni maadui wa dini"

Mwalimu Nyerere hakukosa misa. Keir Hardie, mmoja wa waasisi wa Labour, alikuwa mhubiri. Senghor Mkatoliki alitawala nchi ya Waislamu kwa kuelewana na masheikh wa tarika. Uhispania ni kweli wasoshalisti na kanisa wamegombana sana, lakini kanisa hilo lilikuwa upande wa dikteta Franco.

"Wote wanapokea amri kutoka sehemu moja"

Jumuiya ya Kimataifa ya Kisoshalisti ipo tangu 1951, ilizinduliwa Frankfurt, na haijawahi kuwa na ubavu wa kumwamrisha mtu. Vyama vya Ben Ali wa Tunisia na Hosni Mubarak wa Misri vilikuwa wanachama kwa miaka mingi, vikikaa meza moja na Waswidi, na mwenyeji hakuwauliza kitu. Ben Ali alikimbia nchi Januari 14, 2011. Siku chache baadaye barua ya kufukuzwa uanachama ikatoka. Mubarak alifukuziwa chama chake mwisho wa mwezi huohuo, vijana wakiwa wamekwisha kujaa uwanja wa Tahrir, Cairo.

"Tanzania iliuacha ujamaa"

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kupangisha nyumba na kula mishahara miwili. Mwaka 1991 vikao vya CCM Zanzibar vikalegeza masharti yote hayo, na mwaka 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara. Watu wakauzika ujamaa. Lakini fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 3, ibara ndogo ya kwanza: nchi hii ni ya kidemokrasia, ya vyama vingi, na ya kijamaa. Nilimsomea mama. Akaniuliza kama sukari imepanda tena.