Lile jagi la fedha kwenye mchoro halijapakwa fedha
Wengi wakiona zile picha za Uholanzi za karne ya 17, limau limemenywa nusu, pembeni jagi la fedha linang'aa, wanaweza kudhani mchoraji alichanganya madini ya fedha kwenye rangi. Macho yanadanganyika kirahisi kwa kweli. Ila kwa kawaida ni rangi za mafuta tu, kijivu, kahawia, nyeusi, halafu kitone cheupe pale mwanga unapogonga, ndo mng'ao wote huo.

Ivute picha kwenye simu utaona madoa madoa tu, kisha ziba kile kitone kwa kidole, jagi linafifia hapohapo. Ukiwa mbele ya mchoro wenyewe sogea kushoto kulia, rangi ya madini ingebadilika, hii mwanga wake unabaki palepale (vanishi usiihesabu, hiyo inang'aa picha nzima).